Nywele Ulizozika Mgombani

Likoni,
Alhamisi jioni.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima, goti lako la kushoto limetulia, na yule kuku wako mwenye kiherehere ameacha kutagia chini ya kitanda cha wageni. Nawe ukiniuliza hali, desturi inanitaka nijibu kwamba mimi ni mzima wa afya, wasiwasi wangu ni juu yako tu. Siwezi, mama. Wewe mwenyewe ulinifunza kwamba mtu asianze kudanganya tangu kwenye salamu. Mwili wangu ni mzima, lakini nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni yako.

Utashangaa kwa nini nakuandikia hali kati yetu pana feri na daraja tu. Nikipiga simu unaiweka kwenye spika, na Tinga anajibu kabla hujafungua mdomo. Nikija hapo Junda na kuuliza neno, unainuka kwenda kutazama chungu. Barua haina chungu. Atakayekuletea ni Nduku, rafiki yangu wa tangu shuleni, ambaye ametupokea hapa nyumbani kwake. Nasema ametupokea kwa sababu siko peke yangu. Niko na Kafedha, mkaza mwanao, na mjukuu wako Garama. Tafadhali vaa miwani yako uisome mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa. Usimpe mke wa Tinga akusomee. Ukifika mwisho utaelewa kwa nini.

Nianzie sokoni, maana huko ndiko nilikoaibishwa kwanza. Siku ya pili baada ya kushuka ndege nilikwenda Kongowea kukununulia nyanya na maembe mabichi ya achari. Nikaenda moja kwa moja kwa Emmaculate, yule mama wa kutoka bara ambaye marehemu baba alimvutia mizigo miaka na miaka kwa mkokoteni. Nilitarajia kukumbatiwa. Badala yake alizifunika nyanya zake kwa gunia na kuniambia kwamba kwangu mimi hana cha kuuza. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza vitunguu, kama mimi ndiye yule daktari wa Uholanzi anayefukuza mayatima kwa mashine. Nilidhani ananitania, nikacheka. Ah, mama, natamani nisingecheka.

Kafedha akatokea nyuma ya makreti, mikono imelowa maji ya nyanya mbovu alizokuwa akichambua. Alinisalimu bila kuniangalia usoni. Garama alikuwa nyuma yake. Mtoto yule mwaka jana alikuwa hanishuki mgongoni. Safari hii aliponiona alishika kanga ya mama yake akaanza kulia, akimsihi asiniruhusu nichukue nywele zake tena. Mahamali wakasimama na mikokoteni yao kunitazama. Nimesimama mbele ya maprofesa wengi nikaulizwa maswali ya kunitoa jasho, lakini sijapata kukosa pa kuweka uso wangu kama nilivyokosa siku ile mbele ya mtoto wa ndugu yangu.

Emmaculate ndiye aliyenieleza mliyoyafanya, akidhani ananikumbusha. Kwamba Jumapili moja baada ya ibada Tinga aliita kikao hapo uani. Kwamba alisimama akasema mimi, Selpher, msomi wa DNA, nilipokuja kumzika ndugu yetu Charo nilichukua nywele za mtoto nikaenda nazo Ulaya, nikaziweka kwenye mashine yangu, na mashine ikasema mtoto huyu si wa Charo. Kwamba nilimpa siri hiyo kwa simu kwa sababu naona haya kuisema mwenyewe. Basi Kafedha akaamriwa aokote vyake aondoke jua likiwa bado juu, na Tinga akatia kufuli jipya kwenye mlango wa nyumba aliyoijenga Charo kwa mshahara wa jikoni, kule hotelini Shanzu, ufunguo akakukabidhi wewe. Sasa nasikia nyumba hiyo itabomolewa vijengwe vyumba vya kupangisha. Charo hata kaburi lake halijakauka vizuri.

Tuzungumze habari za nywele, mama, mimi na wewe. Ni kweli nilimnyoa. Mtoto alikuwa na mapunye kichwa kizima, na katika pilikapilika za msiba hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtazama. Nilimkalisha kwenye kigoda pale uani nikamnyoa, nikataka kuzitupa nywele jalalani. Ukanikemea! Ukasema nywele za mtoto wa watu haziachwi zipeperushwe na upepo hovyo, hasa nyumba ikiwa na msiba. Ulizikusanya zote, hata zilizonaswa kwenye nguo yangu, ukazifunga kwenye kipande cha kanga kuukuu, ukaenda nyuma ya nyumba na jembe lako la mpini mfupi ukazizika chini ya mgomba. Nilikushikia taa ya simu kwa sababu giza lilikuwa limeanza kuingia. Kwa hiyo siku ya kikao, watu wote walipokuwa wakiambiwa nywele zimepanda ndege, wewe peke yako ulijua ziko hatua chache nyuma ya viti vyao. Nawe ukanyamaza.

Na huyo Tinga na mashine yake! Kazi yangu nimekueleza mara nyingi, ukawa unaitikia tu huku unapeta mchele. Acha nikueleze tena, safari hii kwa hasira, labda itaingia. DNA ni uzi. Ndani ya kila kilicho hai, juu ya uzi huo hutembea vidude vidogo mno vinavyofanya kazi ya uhamali. Kimoja huupasua katikati ili upate kunakiliwa, kingine huuvuta na kuupakia mahali pembamba. Mimi huchukua uzi mmoja, mmoja tu, nikaufunga ncha zake kwenye vishanga viwili visivyoonekana kwa macho. Vishanga hivyo navishika kwa mwanga wa leza, navivuta pande mbili, uzi unakazika kama kamba ya kuanikia nguo. Kisha namtia hamali mmoja juu yake, nampa chakula chake, na kumtazama akivuta. Naongeza mzigo kidogo kidogo mpaka anasimama. Hiyo ndiyo kazi iliyonipeleka kwenye baridi: kujua hamali anaweza mzigo gani, anapumzika wapi, na akiteleza anarudije.

Na uzi wenyewe si wa mtu! Ni wa kirusi kinachoshambulia bakteria, tunauagiza umeshasafishwa, unakuja kwenye kichupa. Ukoo pekee ambao mashine yangu inaujua ni ukoo wa kirusi. Kuipelekea nywele ili iseme baba wa mtoto ni nani ni sawa na kumpelekea fundi wa baiskeli jino bovu.

Baba alielewa siku ya kwanza. Utakumbuka alasiri ile alipokuwa anauguza mgongo, mimi nikiwa nimekuja likizo, wewe umekwenda kwenye mkutano wa kina mama. Nilimchorea vishanga na uzi nyuma ya kalenda ya kanisa. Alicheka mpaka mgongo ukamuuma, akasema kumbe nimepelekwa mbali kote huko kusomea mkokoteni. Kuna mengine aliyoyasema alasiri hiyo. Nitayafikia.

Nilirudi kutoka sokoni nikamuuliza Tinga mbele yako. Hakuona haya. Alisema mimi msomi siwezi kukumbuka kila ninachosema kwa simu. Nikakutazama wewe, ukaenda kutazama chungu. Nikamwuliza ni nani aliyekubali uamuzi ule, akajibu kwa kifua kipana kwamba walikubali wote, hakuna aliyepinga.

Sasa, mama, katika kazi yetu tuna sababu ya kutazama mmoja mmoja. Ukiwatazama mahamali wengi kwa pamoja unaona kundi linakwenda mbele, basi, unasema wote wanakwenda. Ukimtoa mmoja ukamtazama peke yake ndipo unapomwona akisita. Nikaona nifanye hivyo hivyo hapo Junda. Baba mdogo Ruwa nilimkuta anafuma uzio wake, akakiri kwamba moyo wake ulikataa, maana masikio ya yule mtoto ni ya marehemu kaka yake, yaani baba yetu, hasa, lakini aliona aibu kubishana na mashine. Mama Margret wa kanisani alisema yeye alidhani familia imeshalizungumza na kulimaliza ndani, hapo nje ni kutangaziwa tu. Mzee Jafar jirani, ambaye alialikwa kama shahidi, aliniapia wallahi kwamba hakuna siku aliyokaa kitako kwenye uonevu kama siku ile. Kila mmoja alisita, mama. Na kila mmoja, bila kuambiana, alinieleza jambo lile lile: kwamba alikuwa anakutazama wewe. Walingoja mama wa marehemu aseme neno. Uliponyamaza wakajua ni kweli, kwa sababu mama gani atanyamaza mjukuu wake akitupwa?

Hilo ndilo lililoniondoa hapo bila kuaga. Tinga namjua, ni mtu wa kutaka, tangu utotoni akitaka kipande cha nyama huapa hajala. Lakini wewe uliyetembea kwa miguu hadi Shanzu kumwombea Charo kazi, nilishindwa kukuelewa. Nilikuja huku Likoni na Kafedha na mtoto, nikakaa kwenye baraza ya Nduku nikiwaza ni kitu gani kinaweza kumziba mdomo mama yangu.

Nililipata jibu juzi, Tinga alipoitisha tena watu hapo uani, nasi tukavuka kuja. Nilisimama nikasema mbele yao kwamba mashine yangu haipimi ukoo na kwamba sijapeleka nywele popote. Wakaguna, wakaanza kumtazama yeye. Basi akapandisha hasira, akasema kama nambishia, kuna kliniki mjini inayopima kweli kweli. Yeye ndugu wa marehemu, baba mmoja mama mmoja, atatoa mate yake, na mtoto atatoa yake, Jumatatu asubuhi, dunia ione. Kafedha akasema yuko tayari, hata sasa hivi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nakutazama wewe, mama. Nilikuona ukishika ukuta.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nikwambie ufunge mlango.

Alasiri ile ya kalenda, baba alipomaliza kucheka, aliniuliza kama mashine yangu inaweza kusema mtoto ni wa nani. Nikamwambia haiwezi, kazi hiyo ni ya watu wengine. Akasema Mungu ashukuriwe, maana nyumbani mwake yumo mmoja ambaye yeye baba hataki apimwe na mtu yeyote. Akanieleza kwamba ulipoingia kwake ulikuwa tayari umebeba mimba ya Tinga. Alijua. Hakukuuliza ni ya nani, na alisema hata siku ya kufa hatakuuliza. Mtoto alipozaliwa wa kiume alimpa jina la babu yetu, baba yake yeye mwenyewe, kama anavyopewa kila kifungua mimba wa kiume kwetu. Lakini aliogopa, mama. Ijapokuwa alikuwa mtu wa kanisa, aliniambia alilala akimngoja babu Tinga amjie ndotoni kudai jina lake, kwa nini limevishwa mtoto wa damu nyingine. Alingoja mpaka mtoto akatambaa, akatembea, akaanza kumwita baba. Mzee hakuja. Hapo baba akajua kwamba babu amekubali, na mambo yameisha, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Akaniambia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesomea uzi huo, kwamba ikitokea siku mtu akaja na karatasi ya kuwagawa wanawe, niwe wa kwanza kusimama mlangoni.

Nimelitunza neno hilo tangu siku ile na sikuwahi kumtazama Tinga kwa jicho jingine. Na leo kumbe mtu mwenye karatasi ni Tinga mwenyewe!

Sikiliza vizuri, kwa sababu hapa usomi wangu unahitajika kweli. Kuna sehemu ya DNA ambayo baba humpa mwanawe wa kiume karibu kama ilivyo, naye humpa wake. Ndugu wa baba mmoja wanayo sawasawa, na watoto wao wa kiume wanayo. Kliniki ya mjini itatafuta hiyo. Itapima mate ya Tinga na mate ya Garama, itaona hayalingani, na itaandika ukweli mtupu kwamba watu hawa wawili hawatoki kwa mzee mmoja. Na kikao kizima kitamgeukia Kafedha. Hakuna atakayeuliza ni yupi kati ya hao wawili asiyelingana na baba. Kafedha anakwenda huko akiwa ameinua shingo, anajua hakumkosea mumewe, na atatoka ameitwa malaya kwa muhuri wa kliniki.

Ulijua, au ulihisi. Uliogopa kwamba swali la damu likishaingia uani kwako halitachagua mlango. Ukaona heri limchukue Kafedha, lishibe, liende zake. Mama, nakuheshimu, magoti yangu yako chini ninapoliandika hili, lakini ni ukatili! Ulichukuliwa na mwanamume na mimba isiyo yake, ukafunikwa, ukaheshimiwa, mwanao akapewa jina la juu kabisa nyumbani. Halafu unakaa kimya mwanamke mwingine, aliyekuja na mimba ya mwanao mwenyewe, anatupwa nje na mtoto mwenye jina la mume wako. Baba alikufanyia nini hata umlipe hivi?

Ninachotaka ni kidogo. Jumapili baada ya ibada watu watakuwa hapo uani. Simama useme sentensi moja tu, kwamba nywele hazikwenda popote, ulizizika kwa mkono wako chini ya mgomba. Hiyo ni kweli, na haimgusi Tinga ila kwenye uongo wake. Kisha sema kwamba wewe mama wa Charo unamjua mjukuu wako na hutaki apimwe. Hakuna atakayekwenda kliniki juu ya neno hilo. Ya baba na yako yatabaki yalipo, nami nitayafukia tena kifuani mwangu kama nilivyofanya miaka yote.

Lakini ukiangalia chungu tena, mama, Jumatatu nitakuwa wa kwanza kufika kliniki hiyo, nami nitatoa mate yangu. Ile sehemu ya wanaume sina, lakini kuna kipimo kingine cha shangazi na mtoto wa ndugu yake: mimi ni damu ya mzee Garama, na mtoto huyu ni damu ya mzee Garama, na hilo litaonekana. Yakishawekwa matatu pamoja, kila mtu atajua ni yapi yaliyo peke yake. Sitaki. Tinga ndiye aliyenibeba nilipochomwa na msumari pale Junda, akakimbia nami mpaka kwa daktari huku yeye analia kunishinda. Ni kaka yangu, na nikimfanyia hivyo sijui kama nitaweza tena kulala nchi hii. Nitamfanyia.

Ndani ya kitambaa cheupe atakachokupa Nduku mna nywele za Garama. Kafedha amemnyoa leo asubuhi. Mtoto alikataa, akaficha kichwa chini ya meza, mpaka nilipomwambia zinakwenda kwa bibi yake, si kwenye mashine. Akauliza kama bibi bado ana jembe lake fupi. Zizike pale pale pa mwanzo, lakini mchana, mke wa Tinga akiona, na Tinga akiona, na mzee Jafar akiwa upande wa pili wa ua.

Nisalimie baba mdogo Ruwa na Mama Margret. Kafedha anakupa shikamoo, ingawa mimi nilimwambia si lazima. Msalimie na Tinga wa Garama, umwite hivyo hivyo, jina lote, asikie. Mungu akulinde, akupe na sauti.

Ni mimi mwanao,
Selpher Garama.

Nduku atakaa kusubiri mpaka umalize kusoma. Mpe ufunguo wa kufuli la nyumba ya Charo arudi nao.